Ree ya Shupaza na Kuku wa Bi. Mize

Wallahi, billahi, tallahi! Nikitia neno moja la uongo humu, ulimi wangu na ukauke kama karafuu juu ya jamvi! Najua mshaanza kutazamana. Mnasema, "Marehemu kaanza tena." Ni kweli, mie ni mtu wa kutia chumvi. Nimepata kusema nilivua pweza wa mikono kumi na miwili, na walokuwepo wakahesabu wakaona minane. Lakini hii ya leo sijaiongeza. Hii ningekuwa na uwezo ningeipunguza.

Mie kusoma sijui. Anoandika ni binti yangu, na nimemwambia aandike vile vile ninavosema, asinipambe. Na nimemwambia afunge mlango.

Nilipokuwa mtoto, pale Mtambile, nilikuwa na machale kuliko kuku anomuona mwewe. Ndivo nilivokuwa nikijinadi. Popo akipiga chafya Wete, mie Mtambile nasema "Yarhamukallah." Akija mgeni, nilikuwa nikisema "nilijua." Ikinyesha mvua, "nilijua." Mbuzi wa jirani akizaa pacha, mie nilijua tangu wako tumboni. Wenzangu wakicheka, lakini walikuwa wakiniuliza, na mtoto anoulizwa hujiona mkubwa. Siku zile sikujua kama machale ya kweli hayana kelele.

Mama yangu mzazi alifariki sijaota meno. Alonilea ni Bibi, mama yake baba, tukimwita Bi. Raya. Baba jina lake Kombo, mchumaji wa karafuu, na hapa siongezi: hapakuwa na mkarafuu alioushindwa. Musimu wa kabla ya kisa hiki alikuwa keshaoa mke mwengine, Bi. Mize, mtu wa Wete. Alikuja na sanduku la bati, mkeka mmoja na kuku mmoja wa kishingo, shingo tupu kama mzee alovuliwa kofia. Bi. Mize hakuwa msemaji. Akizungumza na yule kuku kuliko alivozungumza na watu. Usoni nilimwita Bi. Mize. Nyuma yake nilimwita "yule wa Wete."

Basi, Bibi alikuwa na karata. Alizikuta kwa mumewe, babu yangu, alipokufa, na zilikuwa zimechakaa zimelainika kama kitambaa cha zamani. Wanawake wakija baada ya adhuhuri, wanajidai wamekuja kumsaidia kuchambua karafuu, kutoa makonyo, vile vijiti vyake. Kumbe kila mmoja ana lake. Huyu mumewe kenda Tanga harudi, huyu mtoto hashiki tumboni. Bibi hupanga karata juu ya jamvi katikati ya karafuu, na akipita Maalim wetu wa chuo cha Kurani, mkono wa Bibi unapita mara moja, karata zinakuwa chini ya karafuu, na wote wanachambua kama mashine. "Shikamoo, Maalim!" "Marahaba, kazi njema hiyo." Mpaka leo nikinusa karafuu mbichi, naziona karata.

Na Bibi hakuwa kama hawa wa kujitangaza. Akishapanga humtazama yule mwanamke usoni muda mrefu kuliko alivotazama karata. Kisha husema neno moja au mawili. Wengine walitoka wanalia, wengine wanacheka, lakini sikumuona alotoka akisema kadanganywa.

Siku moja wanawake washaondoka, tumebaki mie na yeye. Nikamwambia, "Bibi, nipigie na mie."

"Watoto hawapigiwi."

"Mie si mtoto, Bibi. Nna machale."

Akacheka mpaka ushungi ukamvuka. "Machale yako hayo, Faki, yanajua sufuria la wali liko wapi tu. Mtoto ni kama karafuu changa, ukiibana hutoa maji. Ngoja uive."

Mie kungoja sikufunzwa. Nikapeleka mkono, nikachomoa karata katikati ya fungu, nikaigeuza. Jani jeusi, moja, peke yake katikati ya weupe. Ree ya shupaza.

Bibi aliacha kucheka.

"Nini hiyo, Bibi?"

"Mauti," akasema. "Lakini—"

Sikungoja lakini. Wallahi sikuingoja. Niliruka juu ya jamvi, karafuu zikatawanyika uwanja mzima, nikasikia Bibi ananiita, "Faki! Wee Faki!" na mie mguu niponye. Nilikimbia mpaka kwao Shaame, rafiki yangu, nikalala huko siku ile. Na kwa bahati mbaya, asubuhi niliporudi, Bibi hayupo. Alikuwa ameitwa Kengeja, binti yake ameshikwa na uchungu. Alishapanda gari ya alfajiri. Nikabaki na mauti yangu, na lakini yake kenda nayo Kengeja.

Sasa mtu wa kwetu akijua anakufa, afanye nini? Aombe radhi. Anokwenda Makka huomba radhi, anougua sana huomba radhi, anapita au anaita watu, anasema, "Nihalalishieni nilokula na nilokunywa, na nilosema." Ukifa na haki ya mtu shingoni, huna pa kutokea. Basi mie, mtoto ambaye hata juzuu ya kwanza sijaimaliza, nikajifunga kikoi cha Baba, nikavaa kofia, nikaanza kuzunguka Mtambile nyumba kwa nyumba.

Nilianza kwa Maalim. "Maalim, nakuomba unihalalishie."

"Kwani unakwenda Makka?"

"Nakwenda mbali zaidi, Maalim."

Akanitazama. "Basi kabla hujafika huko, kaa chini usome. Huko wataulizia juzuu."

Kwao Shaame, Shaame alikuwa keshasikia. "Marehemu kaja!" akapiga ukelele. Jina ndo hapo lilipozaliwa, na mpaka leo sijalivua. Nina watoto sita, nina shamba, nimepata kumbeba ng'ombe mgongoni, naam, ng'ombe, lakini nikipita watu husema Marehemu huyo anapita. Shaame akanambia, "Ukifa, manati yako n'achie mie." Nikampa palepale, na machozi yananitoka. Hajanirudishia mpaka leo.

Lakini kulikuwa na jambo moja sikulitarajia. Kila nyumba ninoingia, wanapewa habari, wanacheka, kisha wananilisha. "Maskini, asende na njaa." Huku nikapewa halua, kule ndizi ya kuungwa na nazi, kule muhogo na samaki mkavu. Sijapata kula namna ile maisha yangu yote, wala Sultani mwenyewe hakula siku ile kama mie. Nikawaza, haya mauti si mabaya sana. Siku ya pili nikarudia nyumba ambazo sijaridhika nazo.

Hapa ndipo huwa nakomea, nikisimulia barazani. Watu hucheka, huagiza kahawa nyengine, mambo yakaisha. Leo nimeapa, basi naendelea.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bi. Hidaya. Jirani yetu, mpishi wa mkate wa kumimina usio na mfano, na ulimi wake ukipika vilevile. Aliniketisha, akanikatia kipande. Hakucheka. Hilo ndilo lililonidanganya, kuwa hakucheka. Akanisogelea.

"Faki, mwanangu. Mtoto mzima, hana homa, hana kikohozi, afe vipi? Lazima pana mkono wa mtu. Wee si una machale? Machale yako yanakwambia nani?"

Mimi nilikuwa sijafikiria nani. Wallahi sijafikiria. Lakini niliulizwa, na mbele ya mtu mzima, na kwa sauti ya heshima. Mtoto anojinadi machale hawezi kusema sijui. Nikatafuna, nikafumba macho, nikajifanya nasikiliza. Na jina lililonijia ni la yule ambaye nilikuwa simpendi, si kwa kosa lolote, kwa kuwa amekaa pahala pa mama yangu tu.

"Tangu alipokuja yule wa Wete," nikasema, "mie kila siku husikia mtu anapita ukumbini."

Bi. Hidaya alichukua kisu. Alinikatia kipande cha pili.

Kipande hicho ndicho kilichobaki kooni mwangu. Ladha yake naijua mpaka leo: hiliki nyingi, na ukoko wa chini umeungua kidogo.

Ilikuwa miaka ile ya siasa za vyama, watu washazoea kununiana. Huyu haendi duka la yule, yule hendi hitma ya huyu. Kumnunia mtu lilikuwa jambo jepesi, halihitaji hata sababu mbili. Siku ya pili yake asubuhi Bi. Mize alichukua kifuu chake kwenda kuomba moto. Kibiriti hakikuwa kitu cha kuchezea, moto wako ukizimika unakwenda kwa jirani, anakutilia kaa la moto ndani ya kifuu, unarudi nalo. Kumnyima mtu moto kwetu ni zaidi ya kumtukana.

Nilikuwa nimekaa kizingitini, nikamuona.

"Hodi, Bi. Hidaya."

"Nani?"

"Mie Mize. Naomba moto."

"Umezimika, mwanangu." Na moshi unatoka juu ya makuti ya jiko lake, mweupe, mzito, kila mtu anauona.

Akenda nyumba ya pili. "Umezimika." Akenda ya tatu, hawakumjibu kabisa, ila mlango uliokuwa wazi ukafungwa. Alirudi akipita katikati ya uwanja, kifuu kitupu mkononi, amekishika wima vilevile kama ndani mna kaa. Alipofika kwangu alisimama. Alinitazama. Sijui alitazama nini. Kisha akasema, "Leo utakula muhogo mbichi, Faki. Nisamehe."

Kaniomba radhi. Yeye, mie!

Baba aliporudi shamba akakuta jiko baridi. Alipouliza, hakujibiwa na Bi. Mize, alijibiwa na wanaume msikitini. Alasiri walikuja wawili katika jamaa zake, wakakaa naye nyuma ya nyumba, na mie niko upande wa pili wa ukuta wa makuti.

"Kombo, mke utapata mwengine. Mtoto huyu ndo kumbukumbu ya marehemu mkeo."

"Mize hana alilofanya," Baba akasema.

"Hana? Basi karata ya mauti imetoka wapi? Mtoto mwenyewe kasema. Mtoto wa machale."

Nilisikia Baba anakwaruza chini kwa kijiti. Baba mtu wa kupanda mkarafuu mpaka kwenye kitawi kisichobeba ndege, lakini hapo tawi lilimvunjikia. Mwisho akasema, "Asubuhi atapanda gari, arudi kwao."

Sasa nilikuwa na nafasi ya kutoka na kusema, "Baba, nimesema uongo." Hatua ni fupi, ukuta ni wa makuti, hata sauti ndogo ingefika. Sikutoka. Nilikuwa nasikiliza machale yangu yaniambie la kufanya. Hayakusema kitu. Hayajawahi kusema kitu hata siku moja, ila nilikuwa sijayasikia yakinyamaza.

Asubuhi sanduku la bati lilikuwa nje, limefungwa kamba, pembeni ya barabara. Watu wamesimama mbali mbali, kila mmoja anajidai ana shughuli yake. Bi. Hidaya anafagia pahala alipokwisha kufagia. Baba kasimama na sanduku, anatazama chini.

Bi. Mize hakwenda kwenye sanduku. Alikwenda nyuma ya nyumba, kwenye pakacha ambalo kuku wake wa kishingo alikuwa anaatamia mayai. Mayai yalikuwa karibu kuangua, nilikuwa nimemsikia akimwambia kuku, "Bado kidogo, vumilia." Akamtoa kuku juu ya mayai. Yule kuku alipiga kelele nadhani mpaka Wesha kule mbali wamesikia. Akamleta mpaka pale nilipokuwa, akanishika mkono, akaniweka katikati ya uwanja, watu wote wanatazama.

"Mimi nakwenda zangu," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza namsikia akisema kwa sauti. "Lakini sitoki nikamwacha mtoto na mauti yake. Kama roho inadaiwa, hii hapa roho."

Akamzungusha kuku juu ya kichwa changu, akisoma kimya kimya, midomo inacheza, mara ya kwanza, ya pili, mpaka akamaliza. Manyoya yananigusa masikio. Moyo wa kuku unapiga, nausikia kichwani kwangu. Kisha akampa kuku yule maskini mmoja, bibi kizee alokuwa akiishi nyuma ya msikiti, akamwambia, "Sadaka ya Faki. Usinishukuru mie."

Hapo nyuma mtu akasema, pole pole, lakini tulimsikia wote, "Mchawi hatoi kuku wake mwenyewe kafara ya mtu anomroga."

Ufagio wa Bi. Hidaya ukasimama.

Na gari ikaja. Ikasimama penye sanduku, na anoshuka ni nani? Bibi! Bi. Raya mwenyewe, na pakacha la ndizi kutoka Kengeja, anacheka, amepata mjukuu. Akaona sanduku. Akaona Baba. Akaniona mie na unyoya kichwani. Kicheko kikaisha.

"Nini hapa?"

Mwisho Baba akamwambia yote, maneno machache. Dereva anapiga honi. Bibi akamwambia, "Wee nenda, hapa hapapandi mtu," na gari ikaondoka.

Kisha akafanya jambo ambalo hakupata kulifanya, akazitoa zile karata kifuani mwake mchana kweupe, mbele ya watu wote, na Maalim akiwa katikati yao. Akaitafuta ile, akainyanyua juu.

"Hii ndo mnoitaka? Nimekaa nayo miaka. Imewatokea wangapi hapa? Imekutokea wee, Hidaya, mwaka ule ulopoacha kumlilia mumeo ukaanza kuuza mikate. Umekufa? Nilimwambia huyu mtoto mauti, lakini, akakimbia. Lakini yangu ni hii: mauti ya karata mara chache hutoka na jeneza. Kinakufa kitu. Kinafungwa mlango mmoja ili mwengine upate upepo. Nilipoiona mkononi mwa huyu, nilijua kitu chake kimoja kimekwisha umri. Sikujua kipi."

Maalim alitazama juu ya miti. Nadhani siku ile alikuwa kiziwi kwa kupenda kwake.

Bibi akanigeukia mie. Macho yake yale ya kutazama wanawake usoni. "Faki. Nani alozusha neno juu ya huyu mwanamke?"

Bi. Hidaya akanitazama. Baba akanitazama. Nilihisi ulimi wangu mzito kama una mkate.

Mkono ukanijia kwenye paji la uso. Ulikuwa wa Bi. Mize, una harufu ya kuku na ya moshi wa juzi.

"Mama, msimuulize," akamwambia Bibi. "Mtoto ana homa."

Sikuwa na homa. Nilikuwa baridi kama mayai yale ndani ya pakacha. Na alijua sina, mkono wake ulikuwa juu ya ngozi yangu. Akanishika hivohivo, akanipeleka ndani, akanilaza, akanifunika kanga yake. Nje nikasikia Baba analirudisha sanduku ndani, linagonga kizingiti. Baadaye kidogo nikasikia Bi. Hidaya anapiga hodi, ameleta kaa la moto, kifuu tele.

Mayai hayakuangua hata moja. Bi. Mize aliyazika mwenyewe.

Watu wazima sasa wananiuliza, Marehemu, ile karata ilisema kweli au uongo? Mie huwaambia mambo makubwa makubwa, nawatajia majini, nawatajia nyota. Leo nasema kidogo. Kilichokufa ni yule mtoto wa machale. Hajarudi. Na siku ile, jua lilipokuwa linazama, nilitaka maji, nikaita, "Mama." Nilitaka kusema Bi. Mize, likatoka hilo. Alikuja na kikombe, kama nimemwita hivo tangu nilipozaliwa. Yule wa Wete sijamwita tena, na mlango ule umefungwa mpaka leo.

Bibi keshafariki, karata kazikwa nazo au hakuzikwa nazo, mie sisemi. Mama yupo. Yumo chumba cha pili, amezeeka, lakini masikio yake mazima. Nikisimulia nyumbani hadithi ya halua na manati ya Shaame, watu wakicheka, naye hucheka. Lakini nikikaribia nyumba ya Bi. Hidaya, kila mara, hata iwe chai imejaa birika, huinuka akasema, "Ngoja nikawatilie chai." Na harudi mpaka hadithi nimeshaikata. Miaka yote nimejidai sikuona.

Ndo maana nawaomba, na wewe mwanangu unoandika, neno hili lisitoke. Si kwa ajili yangu, mie nishaitwa Marehemu, lipi tena la kuogopa. Lakini Mama akisikia kuwa nimelisema, itabidi anambie kuwa alikuwa anajua. Na amejitahidi sana, miaka yote hii, asinambie.